Jamaa ya Kolwezi: kundi lisilokuwa na kadi

Tunapoanzisha kundi jipya parokiani, kazi ya kwanza huwa kuchagua komite. Mwenyekiti, makamu wake, katibu, mtunza hazina, mshauri. Mkutano wa pili tunazungumzia kitambaa, wa tatu mhuri. Mara nyingi mkutano wa nne haufanyiki. Ndiyo maana nimeona vema tukumbuke kundi moja lililozaliwa hapa Katanga, katika lugha yetu hii ya Kiswahili, bila komite wala mhuri, likaenea hata kuwatia maaskofu wasiwasi.

Kwanza tuone mahali lilipozaliwa. Kampuni ya Union Minière iliundwa mwaka 1906. Mwanzoni ilileta vijana kutoka mbali kwa mikataba mifupi. Walikuja peke yao, wakachoka, wengi wakafa, waliobaki wakarudi kwao. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1920 kampuni ilibadili mpango. Ikataka mfanyakazi akae, aoe, azae watoto ambao nao watakuwa wafanyakazi. Kwa hiyo ilijenga kambi za nyumba zilizopangwa mstari kwa mstari, ikatoa posho, ikafungua hospitali na shule, na shule hizo ikazikabidhi kwa wamisionari. Kila mtu alikuwa na nambari yake. Mkuu wa kambi alijua nani analala katika nyumba ipi. Tukubali kwamba ulikuwa mpango wa akili, na kwamba watoto wengi walipona kwa sababu yake. Lakini katika mpango huo mtu hakuulizwa neno. Alitunzwa kama mashine nzuri inavyotunzwa.

Misioni nayo, tuseme ukweli, ilifanana na kambi. Padri alifundisha, katekista akarudia, wakristu wakajibu. Majina yaliandikwa katika daftari, na vyama vya kitume vilikuwa na maofisa wao na ripoti zao.

Katika hali hiyo alifanya kazi padri mmoja Mfransiskani kutoka Ubelgiji, Placide Tempels, aliyefika Kongo mwaka 1933. Mwaka 1945 alitoa kitabu chake juu ya falsafa ya Wabantu, ambacho hakikumpendeza hata kidogo Askofu de Hemptinne wa Élisabethville. Tempels akabaki Ubelgiji miaka kadhaa, akarudi mwaka 1949. Kufikia mwaka 1953 alikuwa karibu na Kolwezi, katika kambi ya Ruwe, kati ya wachimbaji na wake zao. Yeye mwenyewe alisimulia kwamba alikuwa amekuja kama bwana na mwalimu, hata siku alipoacha kufundisha akaanza kuuliza: ninyi mnatamani nini maishani? Katika majibu yao alisikia mambo matatu: uzima, uzazi, mapendo. Juu ya maneno hayo matatu ikajengwa Jamaa.

Muundo wake ndio unaotuhusu. Hapakuwa na kadi, ada, katiba iliyoandikwa wala orodha ya majina. Mtu hakujiandikisha, alizaliwa. Mume na mke waliokwisha kuingia waliwapokea mume na mke wengine, wakawafundisha kwa muda mrefu, hatua kwa hatua, wakawatembelea nyumbani. Wale waliopokelewa wakawa watoto wao kiroho, nao baadaye wakazaa wengine. Cheo kilichokuwapo ni baba na mama. Na mwanamke alihesabiwa sawasawa, kwa sababu mume hakuweza kuendelea bila mke wake. Katika kambi ambamo mke alijulikana kama mke wa mwenye nambari fulani, hilo halikuwa jambo dogo.

Kampuni, bila kukusudia, ikawa gari la Jamaa. Mfanyakazi alipohamishwa kutoka mgodi mmoja kwenda mwingine, alikwenda na mafundisho yake, na huko akazaa. Muluba, Kalunda na Mubemba waliketi pamoja na kuitana baba na mama, jambo la thamani katika mji ambamo siasa ilikuwa karibu kuwagawa watu kwa makabila.

Hata hivyo singependa mdhani kwamba muundo huo haukuwa na ugonjwa. Tempels aliondoka Kongo mwaka 1962 wala hakurudi tena. Baadhi ya watu wakaanza kuchukua maneno ya umoja na uzazi kwa namna ya mwili. Upotovu huo uliitwa Katete. Nani angewasahihisha? Mahali pasipo na orodha, hakuna wa kufutwa. Mahali pasipo na ofisi, askofu hana wa kumwandikia barua. Mama aliyeongozwa vibaya na wazazi wake wa kiroho angempelekea nani mashtaka, ikiwa mamlaka yote aliyoyajua yalikuwa ya hao hao? Swali hilo naliona zito kuliko yote. Maaskofu wetu, katika miaka ya 1970, wakawataka wana Jamaa waahidi utii wazi. Wengine walikubali, wengine wakakataa na kutengwa. Kuna waliolia kwamba waliadhibiwa kwa makosa ya wengine, nami nawaamini. Lakini siwezi kuwalaumu maaskofu kwa kutafuta mlango katika nyumba iliyojengwa bila mlango.

Kampuni yenyewe ilitaifishwa mwanzoni mwa mwaka 1967, baadaye ikawa Gécamines. Ikaendelea na kambi, posho na nambari, mpaka fedha zilipoisha. Mishahara ikachelewa miezi mingi, na mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wakaondoka kwa mkupuo mmoja, ule mnaousikia ukitajwa nyumbani kama kuondoka kwa hiari. Siku hiyo nambari haikumsaidia mtu.

Wazee wa Jamaa bado wapo katika parokia zetu. Kabla ya kuchagua komite mpya mwaka huu, waombeni wawili kati yao, mume na mke, waje kwenye mkutano wenu. Waulizeni nani aliwazaa, na ilichukua muda gani. Waulizeni pia, kwa heshima, walifanya nini siku baba wa kiroho alipokosea.