Mvuke Ulikuwepo Miaka Yote: Mbona Olkaria Ilichukua Robo Karne?

Kama uko Kenya na unasoma haya kwenye simu uliyochaji jana usiku, basi kuna uwezekano mkubwa kwamba sehemu ya stima hiyo ilitoka chini ya ardhi. Mvuke wa Bonde la Ufa, mwingi wake ukitoka Olkaria, kusini mwa Ziwa Naivasha, huzalisha zaidi ya asilimia 40 ya umeme wa nchi. Hausubiri mvua, hausubiri jua, wala hausubiri meli ya mafuta itie nanga Mombasa. Sasa jiulize: kama mvuke huo umekuwa pale tangu enzi na enzi, mbona umeme wa kwanza ulitoka 1981?

Sayansi yenyewe si ngumu. Katika Bonde la Ufa ukoko wa dunia umevutwa ukawa mwembamba, kwa hiyo miamba yenye moto mkali haiko mbali sana. Maji ya mvua yanayopenya hadi huko hupata joto la zaidi ya nyuzi 200, lakini shinikizo la kina kile huyazuia kugeuka mvuke. Ukichimba kisima, maji hupanda, shinikizo hupungua, na sehemu yake hulipuka kuwa mvuke unaozungusha turbaini. Baadaye maji yaliyobaki hurudishwa chini.

Ugumu uko kwingine. Ukisimama juu, unachokiona ni moshi-moshi unaofuka kwenye nyufa. Huwezi kujua kwa hakika kilicho chini mpaka uchimbe, na kuchimba ni pesa nyingi zinazotoka kabla hujauza hata uniti moja. Kisima kikiwa kibovu, pesa zimeenda. Kwa hiyo swali la Olkaria tangu mwanzo lilikuwa hili: hasara ya shimo kavu ataibeba nani?

Mwaka 1956, enzi za ukoloni, visima viwili vya kwanza vilianza kuchimbwa. Kimoja kilizidi mita 900 na joto lilikutwa kweli, lakini mvuke wa kutosha haukutoka, na kufikia 1959 kazi ikasimama. Kumbuka pia kwamba mwaka 1958 Kenya ilianza kuletewa megawati 30 kutoka bwawa la Owen Falls, kule Jinja, Uganda. Maziwa yanaletwa mlangoni. Nani ahangaike kununua ng'ombe ambaye hajui kama atakamuliwa?

Mambo yalibadilika miaka ya 1970. Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa, UNDP, liligharimia uchunguzi kutoka Olkaria hadi Ziwa Bogoria, na Olkaria ikachaguliwa. Kisha mwaka 1973 bei ya mafuta ikapanda ghafla duniani, na nchi zisizo na mafuta zikaumia. Kufikia 1976 visima vipya sita vilikuwa vimechimbwa. Mwaka 1981 mtambo wa kwanza wa megawati 15 ukawashwa, wa pili 1982, wa tatu 1985. Jumla: megawati 45. Angalia nani alilipa: mashimo ya mwanzo yalichimbwa kwa fedha za umma na za mashirika ya kimataifa, na ujenzi kwa mikopo ya Benki ya Dunia.

Ungedhani baada ya hapo kasi ingeongezeka. Wapi! Kituo cha pili, Olkaria II, hakikuanza kazi hadi 2003. Katikati, ukame wa 1999 na 2000 ulikausha mabwawa yaliyotegemewa kwa umeme mwingi wa nchi. Stima ikagawiwa kwa zamu, na jenereta za dizeli zikakodiwa kwa bei ghali. Mvuke ulikuwa pale pale, chini ya miguu.

Kampuni binafsi nazo zilikuja, lakini tazama zilipoingilia. Olkaria III, iliyoanza 2000, ilijengwa mahali ambapo shirika la umma lilikuwa limeshachimba visima. Mwaka 2008 serikali iliunda kampuni ya GDC ibebe mzigo wa kutafuta na kuchimba, kisha wawekezaji wauziwe mvuke. Hata hivyo haikuwa mteremko. Menengai, karibu na Nakuru, uchimbaji ulianza 2011 na kituo cha kwanza kikaanza kuzalisha 2023.

Ushindi mkubwa ulikuja 2014, vituo vipya vya Olkaria vilipoongeza megawati 280 kwa pamoja. Lakini mwaka huo huo familia za Wamasai zilihamishwa kupisha Olkaria IV. Baadhi yao wakapeleka malalamiko kwa wakopeshaji wenyewe, Benki ya Dunia na Benki ya Uwekezaji ya Ulaya. Jopo la ukaguzi la Benki ya Dunia likakuta kasoro, ikiwemo kwamba mashauriano hayakutumia Kimaa ipasavyo. Yaani watu waliulizwa kuhusu ardhi yao kwa lugha isiyo yao! Usuluhishi ulifuata, na makubaliano yakafikiwa 2016.

Ninakusimulia haya kwa sababu nchi nyingine za Bonde la Ufa ziko njiani. Ethiopia inachimba, Tanzania inatafuta mvuke Ngozi, mkoani Mbeya. Utasikia mikutano mingi ikitangaza mabilioni ya nishati safi. Ukisikia, usiishie kwenye idadi ya megawati. Uliza shimo la kwanza likitoka kavu nani atalipa, na anayeishi juu ya mvuke huo ameulizwa kwa lugha gani. Olkaria ilichukua miaka 25 kujibu swali la kwanza. La pili ililikumbuka baada ya watu kuhama.