Mtoto anaharisha: kwa nini muuguzi hatoi antibiotiki?
Mama au mlezi wa Kalenga, ukimpeleka mtoto anayeharisha zahanati, muuguzi anaweza kukupa ORS na zinki tu. Hajakunyima dawa. Kinachoua ni kupungukiwa maji mwilini, na hiyo ndiyo tiba iliyothibitishwa; WHO na UNICEF waliipendekeza pamoja mwaka 2004. Antibiotiki haisaidii kuhara kwingi kwa majimaji. Ukimshinikiza muuguzi aitoe, unamzuia kufuata mwongozo. Muulize: "Nimpe vipi, siku ngapi?" Zinki hutolewa kila siku kwa siku 10 hadi 14, hata kuhara kukikoma. Endelea kumnyonyesha na kumlisha. Mrudishe haraka akiharisha damu, macho yakiingia ndani, au akishindwa kunywa.