Malaika (wimbo)

Malaika ni wimbo wa mapenzi wa taratibu, wa Kiswahili, uliovuma kupitia santuri ya Fadhili William na bendi yake, Black Shadows. Ulirekodiwa Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 1960, katika Equator Sound Studios ya Charles Worrod. Fadhili alikuwa Mtaita wa Kenya. Kisa cha wimbo ni cha kijana aliyekosa mahari, jambo linaloeleweka haraka pwani hata bara. Utunzi wenyewe una ubishi mkali: mbali na Fadhili, Mtanzania Adam Salim naye anatajwa kuwa mtunzi. Miriam Makeba na Harry Belafonte waliuimba mwaka 1965, kundi la Boney M. likautoa kama singo mwaka 1981, kwa mdundo wa disko.