Kutoka redio hadi "Mambo?": tiba ya mbali Turkana

Sisi waandishi wa programu tukisikia "tiba ya mbali" huwaza video na intaneti ya kasi. Kumbe jambo hili ni la zamani kuliko intaneti yenyewe. Hebu tuangalie lilikotoka.

Mwaka 1957 madaktari watatu wa upasuaji, Michael Wood, Archibald McIndoe na Tom Rees, walianzisha huduma ya madaktari wa ndege, ambayo baadaye ikawa AMREF. Miaka ya 1960 wakaongeza redio. Muuguzi wa kituo cha mbali aliita Nairobi, akaeleza dalili, akapewa ushauri au akatumiwa ndege. Kwa dharura, redio ilifaa sana.

Kubadili mazoea ni kazi nyingine. Miaka ya 1980 AMREF ilipambana Turkana na hidatidi, uvimbe unaoletwa na tegu wa mbwa. Upasuaji peke yake haukutosha: ilibidi watu waelimishwe kuhusu mbwa na usafi wa nyumbani.

Kisha ikaja simu ya mkononi. Kati ya 2007 na 2010, utafiti wa WelTel ulifuatilia wagonjwa 538 walioanza dawa za ARV, Nairobi na Kajiado. Nusu yao walitumiwa SMS kila wiki: "Mambo?" Walijibu "Sawa" au "Shida", na mwenye shida alipigiwa na muuguzi. Waliotumia dawa ipasavyo walikuwa asilimia 62, dhidi ya 50 kwa wasiotumiwa SMS.

Hiyo ilikuwa ARV, si saratani, lakini mzigo unafanana. Mgonjwa akimaliza matibabu Eldoret anarudi Lodwar, zaidi ya kilomita 300, au Kakuma, mbele zaidi. Ameambiwa aache tumbaku, ale vizuri, atembee kila siku. Nani atamuuliza wiki ijayo anaendeleaje?

Turkana wengi hawasomi, kwa hivyo SMS haitoshi. Sauti ya Kiturkana ingefaa zaidi; na katika kambi ya Kakuma, iliyofunguliwa 1992, Kisomali, Kiarabu na Kidinka pia.

Basi ndugu msomaji, ukipewa kazi hii usianze na programu ya simu ghali. Anza na swali moja fupi, simu ya kawaida, na muuguzi anayelipwa kupokea neno "Shida". Bila huyo wa mwisho, umejenga kengele isiyo na wa kuitika.