Umbo na Maudhui: Shairi Darasani Tangu 1954

Ushairi wa Kiswahili si pambo la sherehe. Ni chombo cha fikra, na kwa kila chombo hapana budi tuulize: kimo mikononi mwa nani? Katika makala haya tunalitazama swali hilo kwa kufuata safari ya shairi lenye vina na mizani hadi darasani.

Mwaka 1954 mambo mawili yalitokea. Tarehe 7 Julai TANU ilizaliwa Dar es Salaam, kando ya Kariakoo, katika mtaa unaoitwa leo Lumumba. Mwaka huo huo kilichapishwa kitabu cha Kaluta Amri Abedi, Sheria za Kutunga Mashairi. Hatusemi kwamba jambo moja lilizaa jingine. Lakini yote mawili yaliwafungulia wengi mlango uliokuwa wa wachache. Kabla ya hapo, kanuni za utunzi zilipatikana hasa kwa kuwasikiliza mabingwa, au kwa kuiga beti za magazeti kama Mambo Leo, lililoanza 1923. Sasa aliyejua kusoma aliweza kujifundisha. Mtunzi huyo alikuwa Meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam mwaka 1960, kisha Waziri, hadi alipofariki 1964.

Hatua ya pili ilifuata Azimio la Arusha la 1967. Mwaka 1968 Mwalimu Nyerere alikutana na washairi akawataka waieneze siasa ya Azimio kwa wananchi. Mathias Mnyampala wa UKUTA aliitikia kwa ngonjera, yaani mashairi ya majibizano. Alifariki 1969, na Ngonjera za UKUTA zikatoka 1970 na 1971. Shule zikazipokea kwa shangwe.

Faida yake ilikuwa kubwa: watoto walizoea kusimama mbele ya umma na kusema kwa Kiswahili fasaha. Lakini kulikuwa na kasoro. Kukariri si kuelewa. Mtoto aliyeghani habari za kujitegemea kwa beti za kutungiwa alikuwa bado hajajitegemea.

Ndipo ukaja mgogoro wa miaka ya 1970. Kahigi na Mulokozi walitoa Mashairi ya Kisasa mwaka 1973, na Kezilahabi akatoa Kichomi mwaka 1974. Wanamapokeo walisema utungo usio na vina si shairi. Wanamabadiliko walijibu kwamba vina peke yake havifanyi shairi. Mabishano haya yaliulazimisha umma kuuliza umbo ni kwa ajili ya nini.

Swali hilo ndilo la kulipeleka darasani. Tuchukue mshororo tuliojitungia kwa ajili ya somo:

Soko la Kariakoo, lajengwa kwa nguvu zetu.

Mwanafunzi ahesabu: mizani 8 katika ukwapi, 8 katika utao. Kina cha kati ni «o», cha mwisho ni «tu». Kisha aulize kwa nini mtunzi kasema «lajengwa», si «linajengwa». Jibu ni kwamba «linajengwa» ingeongeza mizani ya tisa. Hapo anaona umbo likichagua neno. Lakini uchambuzi ukiishia hapo, tumefundisha hesabu tu. Ni lazima aulize pia: hii «zetu» ni ya nani? Ya mchukuzi wa magunia, au ya mwenye ghala? Mshororo haujasema. Basi na atunge mitatu iliyobaki, kwa vina vile vile, aukamilishe ubeti kwa jibu lake. Atakapolitafuta neno lenye kina cha «tu» litakalobeba ukweli wa mchukuzi, atajua kwamba umbo na maudhui havitenganishwi.

Kwa hiyo kuchambua bila kutunga ni nusu ya kazi, na kutunga bila kuchambua ni kuiga. Kanuni zilizowekwa hadharani mwaka 1954 zitakuwa mali ya umma kweli pale mtoto wa Mtaa wa Msimbazi atakapozitumia kusema neno ambalo mwalimu wake hakumwandikia.