Mwai Kibaki, Mwalimu wa Uchumi Aliyeingia Hazina

Msafiri atokaye mji wa Kericho kwenda Bomet kwa njia ya Litein huona majani ya chai pande zote mbili za barabara, akadhani kuwa ni shamba moja lisilo na mwisho. Sivyo. Yapo mashamba makubwa ya makampuni, yaliyopandwa tangu miaka ya 1920 katika ardhi waliyonyang'anywa Wakipsigis. Na vipo vishamba vya wenyeji, eka moja hapa, nusu eka pale, vilivyoanza miaka ya 1950, kwa kuwa kabla ya hapo Mwafrika hakuruhusiwa kupanda chai. Mwenye kishamba na mchumaji wa kampuni hutazamana juu ya ua mmoja, walakini mapato yao hufuata kanuni mbili mbalimbali. Hapana mtu mmoja aliyezitunga kanuni hizo peke yake. Lakini yuko mtu aliyeshika ufunguo wa Hazina katika miaka ambayo tofauti hiyo ilionekana wazi kuliko wakati wowote, naye alikuwa mwalimu wa uchumi.

Mwai Kibaki alizaliwa mwaka 1931 katika kijiji cha Gatuyaini, Othaya, wilaya ya Nyeri. Alisoma Mang'u, kisha akaenda Makerere, Uganda, akapata shahada ya daraja la kwanza mwaka 1955. Baada ya kufanya kazi kidogo katika kampuni ya mafuta alipelekwa Uingereza kusoma elimu ya fedha za umma katika chuo cha uchumi cha London. Aliporudi alikuwa mwalimu wa uchumi palepale Makerere. Wakati ule hiyo ilikuwa kazi ya heshima kubwa kwa Mwafrika, na mshahara wake si haba. Hata hivyo, mwishoni mwa mwaka 1960, akiwa na umri wa miaka 29, aliiacha kazi hiyo ili awe mtendaji wa chama cha KANU, chama ambacho hakikuwa na mwaka mmoja tangu kuzaliwa. Sisi walimu hujiuliza mara nyingi kama tungethubutu kufanya hivyo.

Mwaka 1963 alichaguliwa kuwa Mbunge wa Doonholm, Nairobi, akaanza kazi serikalini katika ngazi za chini za Hazina na mipango ya uchumi. Huko alikuwa miongoni mwa wataalamu waliofanya kazi na Tom Mboya wakati ulipotolewa Waraka wa Serikali Namba 10 wa 1965 juu ya Ujamaa wa Kiafrika. Jina lake ni la ujamaa, lakini kiini chake ni hesabu ya mchumi. Waraka ulisema kwamba fedha za maendeleo zipelekwe kwanza mahali zitakapozaa zaidi, yaani penye ardhi nzuri, mvua, barabara, na watu walio tayari kwa maendeleo. Sehemu nyingine zingengoja mpaka mali iongezeke.

Nawaomba wasomaji wakome kidogo hapa, wafikirie maana ya kauli ile. Kwa nchi ya Kericho ilikuwa neema. Mvua tunayo, ardhi tunayo. Halmashauri ya Ustawi wa Chai, yaani KTDA, iliyoundwa mwaka 1964, ilikopa fedha ikajenga viwanda, na njia zikatengenezwa ili majani yafike kiwandani siku ileile yalipochumwa, kwa maana jani likilala huharibika. Kwa ndugu zetu wa Turkana na Mandera kauli ileile ilikuwa na maana nyingine kabisa. Wapo waliolalamika mapema. Mmoja wao alikuwa mchumi Barack Obama, baba wa yule aliyekuja kuwa Rais wa Marekani, ambaye aliukosoa waraka huo hadharani mwaka uleule wa 1965.

Kibaki alifanywa Waziri wa Biashara na Viwanda mwaka 1966, na baada ya uchaguzi wa Desemba 1969 akapewa Wizara ya Fedha. Alikaa hapo mpaka mwaka 1982. Miaka ya mwanzo haikuwa myepesi. Mwaka 1973 aliingiza kodi ya mauzo, na kabla mwaka haujaisha bei ya mafuta ya petroli ikaanza kupanda mno ulimwenguni, nayo Kenya haikuwa na kisima hata kimoja.

Ndipo, mwezi Julai 1975, baridi kali ikaunguza mibuni ya Brazil. Kahawa ikapungua duniani, bei yake ikapaa, na mwaka 1977 bei ya chai nayo ikapanda sana. Fedha zikamiminika Kenya ghafula. Swali lililokuwa mezani pa Waziri ni hili: je, nani ale faida hii ambayo hakuna aliyeitarajia? Katika Tanzania, ambako mashirika ya umma ndiyo yaliyopanga bei ya mkulima, sehemu kubwa ilibaki mikononi mwa serikali. Katika Uganda ya Idi Amin mkulima alipunjwa hata kahawa ikavushwa usiku kuja Kenya, na soko la Chepkube mpakani likawa na sifa mbaya ya utajiri wa haraka. Kenya iliamua kwamba sehemu kubwa imfikie mkulima mwenyewe.

Mkulima wa KTDA hupata malipo ya kila mwezi kwa kilo, na mwisho wa mwaka hupata malipo ya pili, ambayo huku twayaita bonasi. Bonasi ya wakati ule bado husimuliwa. Babu yangu aliing'oa nyasi ya paa lake akaezeka mabati, na mpaka leo nyumba ile, ingawa imechakaa, jina lake ni Bonasi.

Sitaki msomaji adhani kuwa jambo hilo lilikuwa sadaka. Wakubwa wengi serikalini walikuwa na mashamba yao wenyewe, kwa hiyo kumhurumia mkulima kulikuwa pia kujihurumia. Tena mchumaji wa shamba kubwa, aliyekuwa akilipwa kwa uzito wa kikapu kwa mapatano kati ya chama cha wafanyakazi na waajiri, hakuwa na malipo ya pili ya kungojea. Bei ya London ilipopanda, kikapu chake kilikuwa na uzito uleule.

Lipo na kosa jingine, nalo ni la mchumi mwenyewe. Wakati wa neema serikali nayo iliongeza matumizi yake, kana kwamba bei zile zingedumu. Hazikudumu. Zilishuka mwaka 1978, na mwaka 1979 petroli ikapanda tena. Mwaka 1980 Kenya ililazimika kuchukua mkopo wa Benki ya Dunia uliokuja na masharti ya kurekebisha uchumi. Mwalimu aliyewafundisha vijana wa Makerere hesabu za fedha za umma hakuweza, au hakuruhusiwa, kuwazuia mawaziri wenzake wasitumie.

Alikuwa Makamu wa Rais tangu 1978 hata 1988, na Rais tangu Desemba 2002 hata 2013. Mwezi Januari 2003 karo ya shule za msingi iliondolewa. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 watu zaidi ya elfu moja waliuawa nchini, na hata katika mashamba ya chai ya Kericho wafanyakazi waliotoka sehemu nyingine walifukuzwa wakakimbia. Alifariki tarehe 21 Aprili 2022.

Baada ya mazishi niliwapa wanafunzi wangu insha ya kuandika juu yake. Wana wa wakulima waliandika habari za bonasi walizosikia kwa babu zao. Wana wa wachumaji hawakuitaja bonasi kabisa. Wao waliandika juu ya mwaka 2003, kwa kuwa ndio mwaka kaka na dada zao walipoingia darasani.