Mtutu, Jicho na Mkono: Historia ya Bunduki Chini ya Milima ya Uluguru



Katika nyumba zetu za pwani kuna swali ambalo wazazi huulizana siku hizi, hasa wale ambao vijana wao wametazama mashindano ya kulenga shabaha katika televisheni. Je, inafaa kumfundisha mtoto kupiga bunduki? Na ikiwa inafaa, bunduki ipi ndiyo bora? Wako wanaojibu upesi kwamba silaha ni shari tupu, mtoto asiisogelee. Wako pia wanaojibu upesi kwamba kulenga shabaha ni sunna, basi kijana na anunuliwe. Majibu yote mawili yana haraka ndani yake, na haraka haina baraka.

Kabla ya kujibu, yafaa tuitazame historia. Wala hatuna haja ya kwenda mbali. Kiasi cha kilomita 190 kutoka Dar es Salaam uko mji wa Morogoro, umelala chini ya milima ya Uluguru, kwenye njia ya zamani ya misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda bara. Hapo, katika muda usiozidi umri wa mtu mmoja, zilipita bunduki za kila namna, tangu gumegume ya kushindilia mpaka bunduki ya shabaha ya mbali. Kila moja ilituachia funzo lake.

MJI ULIOJENGWA KWA GUMEGUME

Katikati ya karne ya 19 alitokea Mzigua mmoja hodari, jina lake Kisabengo. Alikusanya watu, wengi wao wakiwa watoro waliokimbia utumwa, akashuka nao mpaka chini ya Uluguru, akaichukua ardhi na kujenga mji wenye boma. Msafiri Burton, aliyepita njia hiyo mwaka 1857, alimtaja kuwa ni mtu wa kuteka watu. Hilo nalo ni la kuzingatia: waliokimbia minyororo waliishia kuwafunga wengine minyororo, kwa sababu sasa bunduki ilikuwa mikononi mwao.

Stanley alipopita mwaka 1871, Kisabengo alikwisha kufariki, na binti yake ndiye aliyekuwa akitawala. Mji ukiitwa Simbamwene. Stanley alikadiria kuwa una nyumba kama elfu moja. Ulizungukwa na ukuta wa mawe, minara kwenye pembe, na milango minne iliyoelekea pande nne za dunia. Milango hiyo ilikuwa ya mbao ngumu zilizonakshiwa kama milango ya kwetu Unguja na Bagamoyo. Na ndani ya ukuta yalitobolewa matundu safu mbili, ya kutolea mitutu ya bunduki.

Msomaji wa pwani asiisome habari hii kana kwamba ni ya watu wengine. Milango ile iliigwa kutoka kwetu. Baruti na bunduki zilipandishwa kutoka bandari zetu, na vilivyoteremka kuja pwani vilikuwa ni pembe za ndovu na wanadamu. Soko la watumwa la Unguja halikufungwa mpaka Juni 1873, Sayyid Barghash alipotia saini mkataba. Kila pipa la baruti lililovushwa kwenda bara lilikuwa na bei yake, na mara nyingi bei hiyo ililipwa na mtoto wa mtu.

Ukuta wa Simbamwene haukudumu. Katika masika ya 1872, mwaka ule ule na mwezi ule ule wa Aprili ambapo tufani iliing'oa mikarafuu ya Unguja, mto ulifurika kutoka milimani ukaubomoa ukuta wa mbele pamoja na nyumba nyingi. Stanley aliporudi kutoka bara aliukuta mji umevunjika na mtawala wake amekwisha kukimbia. Matundu yote ya bunduki hayakufaa kitu mbele ya maji ya Mwenyezi Mungu.

KWA NINI GOBORE HALINA SHABAHA

Sasa tuitazame bunduki yenyewe. Gumegume, na baadaye bunduki ya fataki, zilishindiliwa kwa mbele. Mtu alimimina baruti, akatia kitambaa au makumbi, akatia goroli ya risasi, kisha akashindilia kwa mdeki. Ndani ya mtutu palikuwa laini kama bomba. Ili goroli ipite upesi, ilibidi iwe ndogo kuliko tundu. Nayo ilipotoka iligonga huku na huku ndani ya mtutu, ikaruka upande ilioupenda yenyewe. Kupita hatua mia moja, aliyelengwa na aliyesimama pembeni yake walikuwa karibu sawa katika hatari.

Dawa yake ilijulikana Ulaya tangu zamani, nayo ni kuchonga mifuo ya kuzunguka ndani ya mtutu. Mifuo huishika risasi na kuizungusha, na kitu kinachozunguka hushika njia yake kama pia ya mtoto inavyosimama wima maadamu inazunguka. Tatizo lilikuwa kwamba risasi iliyobana katika mifuo ilikuwa ngumu kushindilia. Mwaka 1849 Mfaransa Minié alitoa risasi ya mchongoko yenye shimo kitakoni: iliingia kwa urahisi, na baruti ilipowaka kitako chake kilitanuka kikaishika mifuo. Kisha mwaka 1886 Wafaransa wakatoa bunduki ya jeshi yenye baruti isiyofuka moshi mwingi. Tangu hapo kulenga mbali kukawa elimu yenye hesabu.

Elimu hiyo haikuachwa ifike Uluguru. Tarehe 2 Julai 1890 madola yalitia saini mkataba wa Brussels. Mkataba huo ulitaja kukomesha biashara ya watumwa, na ndani yake ukazuia kuingizwa Afrika bunduki zenye mifuo, ukiruhusu tu gumegume za mtutu laini na baruti ya kawaida. Kuzuia silaha za watekaji lilikuwa jambo jema. Lakini madola yale yale yalikuja na bunduki zao za mifuo na mizinga ya bombom. Matokeo yake yalionekana katika vita vya Majimaji, vilivyoanza Umatumbi Julai 1905 na kufika mpaka Kilosa na Mahenge, nchi ambazo leo zimo katika mkoa wa Morogoro. Tarehe 30 Agosti 1905 watu waliliendea boma la Mahenge wakiamini kwamba dawa ya maji itageuza risasi kuwa maji. Bombom hazikugeuka. Ndiyo sababu hata leo, ukisikia mlio wa gobore katika vijiji vya bara, unasikia mabaki ya mpaka uliochorwa na wageni mwaka 1890.

MOSHI NA KICHWA KILICHOINULIWA

Vita vya kwanza vya dunia vilipofika, askari wengi wa Kijerumani na Waafrika waliokuwa chini yao walikuwa bado na bunduki za namna ya mwaka 1871. Zilikuwa na mifuo, tena zikilenga vizuri, lakini baruti yake ilikuwa ya zamani. Kila risasi ilipotoka, wingu la moshi lilipanda juu ya kichwa cha aliyepiga na kumwambia adui mahali alipo. Aprili 1915 meli moja ya Kijerumani iliponyoka katika mzingiro wa Waingereza ikaingia ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga. Ilipigwa na kuzama nusu, lakini shehena yake iliokolewa, zikiwamo bunduki mpya. Risasi zilizolowa maji ya bahari zilianikwa na kutengenezwa upya. Fikiri, msomaji, ni subira kiasi gani: kukausha risasi moja baada ya nyingine, kwa kuwa yenye unyevu humsaliti mwenyewe.

Agosti 26, 1916 majeshi ya Smuts yaliingia Morogoro. Wajerumani walijiondoa kupitia Uluguru kuelekea Kisaki, na wapagazi wa pande zote mbili wakafa kwa njaa na maradhi wasiandikwe hata majina.

Kusini ya milima hiyo, mahali paitwapo Beho Beho, alifia mtu ambaye kila mpenda bunduki wa siku hizo alimjua. Frederick Selous alizaliwa mwaka 1851, akaishi kwa kuwinda tembo tangu ujana wake, na akaandika vitabu vilivyosomwa na wawindaji wa nchi nyingi. Alikuwa na miaka 65 alipokuwa kapteni katika jeshi la Waingereza. Januari 4, 1917, katika mapigano, alipigwa risasi ya kichwa. Yeye aliyejua kuliko wengi namna jicho linavyokaa nyuma ya mtutu aliuawa na jicho jingine lililokaa nyuma ya mtutu mwingine. Kaburi lake lipo huko huko. Mbuga iliyopewa jina lake iligawanywa mwaka 2019, na sehemu yake kubwa ikawa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere.

Ustadi wa kulenga, basi, si ngao. Anayemfundisha mwanawe kulenga ili awe na kiburi amemdanganya.

BUNDUKI IPI, NA KWA MTOTO GANI?

Historia hii imekwisha kutujibu nusu ya swali. Bunduki ya shabaha ni ile ambayo mtutu wake una mifuo safi isiyo na kutu, risasi yake inaenea sawasawa katika tundu, alama zake za kulengea hazichezi, kifyatulio chake kinavutwa kwa ulaini usioshtua mkono, na kitako chake kinalingana na bega la mwenye kuishika. Hilo la mwisho watu hulisahau. Bunduki ya baba kwa mtoto ni kama kanzu ya baba: itamkwaza. Bunduki nzito inayopiga teke humfundisha mtoto kufumba macho kabla ya kufyatua, na tabia hiyo ni ngumu kuiondoa baadaye.

Kwa hiyo, katika nchi ambako michezo hii imestawi, wanaoanza hupewa bunduki ya hewa. Haina baruti, inasukuma kidonge cha risasi chenye upana wa milimita 4.5. Katika Olimpiki mchezo huu umekuwapo tangu Los Angeles 1984. Umbali ni mita 10 tu, na alama ya kumi, iliyo katikati, ni nukta yenye upana wa nusu milimita. Ushindi haupatikani kwa nguvu wala kwa hasira. Hupatikana kwa kusimama imara, kuvuta pumzi kwa utulivu, na kuacha kupiga pale mkono usipotulia. Mtoto anayejifunza kuishusha bunduki kwa sababu hakuwa tayari amejifunza jambo litakalomfaa hata katika ulimi wake.

Usidhani hata hivyo kwamba bunduki ya hewa ni kitu cha kuchezea uani. Hutoboa jicho na huua ndege. Na katika Tanzania silaha ziko chini ya sheria ya mwaka 2015, yenye leseni na masharti yake. Usinunue chochote kabla ya kuuliza polisi, wala mtoto asishike silaha pasipo mtu mzima mwenye ruhusa na mahali palipotengwa kwa kazi hiyo.

Nusu ya pili ya swali inajibiwa na mafundisho yetu. Mtume (S.A.W.) alisifu kulenga shabaha, na katika hadithi aliyoipokea Uqba bin Amir alikuambatanisha na nguvu iliyotajwa katika Suratul Anfal. Amepokea Salama bin Al-Akwa kwamba aliwapitia watu wa kabila la Aslam wakishindana kwa mishale, akawahimiza. Aliposema yuko pamoja na kundi moja, kundi la pili lilishusha mikono lisitupe, naye akawaambia waendelee, kwani yuko pamoja nao wote. Tazama adabu ya mchezo ilivyokuwa: hakuna aliyeshindwa moyoni.

Lakini Mtume huyo huyo alikataza kukifanya kitu chenye roho kuwa shabaha. Alikataza kumwelekezea ndugu silaha, kwa kuwa mtu hajui, huenda shetani akauvuta mkono wake. Aliamrisha anayepita msikitini au sokoni na mishale azishike ncha zake asije akamjeruhi mtu. Na alikataza kurusha vijiwe kwa vidole, kwa kuwa havipati windo wala havimwumizi adui, ila huvunja jino na kupofua jicho. Mzazi anayemwona mwanawe na manati akiwafuata ndege mwembeni ana somo lake hapo. Katika misitu ya Uluguru kuna ndege, mfano wake yule chozi mdogo aitwaye chozi wa Loveridge, ambao hawapatikani mahali pengine popote duniani. Jiwe moja la mchezo haliwezi kurudisha alichokiumba Mwenyezi Mungu mahali pamoja tu.

Jibu basi ni hili, ndugu msomaji. Kumfundisha mtoto kulenga inafaa, kwa masharti, na masharti huja kabla ya bunduki. Kwanza ajue kwamba kila bunduki huhesabiwa kuwa ina risasi, hata aliyoitoa risasi yeye mwenyewe. Ajue kutoielekeza kwa mtu, hata kwa mzaha, hata kwa ndugu yake wa tumbo moja. Aizoee karatasi iwe ndiyo shabaha yake. Aweze kuambiwa "weka chini" akaiweka bila kunung'unika. Asiyeweza hili la mwisho bado hajafikia umri, hata akiwa na ndevu.

Na aelezwe habari za Simbamwene, ili ajue kwamba bunduki zilizopita katika bandari za wazee wake ziliwahi kuuzwa kwa bei ya watoto wa wenziwe. Samaki mkunje angali mbichi. Mtutu hunyooshwa kiwandani, lakini mkono na moyo hunyooshwa nyumbani, na kazi hiyo Mwenyezi Mungu ameiweka juu ya shingo zetu sisi wazazi.

Wabillahi tawfiq.